Kuuliza na Kusikiliza

Wengi kati yetu tumetumwa siku moja kuchunguza mawazo ya watu: mseminari kwa ajili ya kitabu cha mwisho wa masomo, padri au katekista kwa ajili ya parokia. Tunashika kaye na kalamu, tunauliza, tunahesabu majibu. Hesabu tunayo, lakini sababu hatuijui bado. Ndiyo maana tunapenda kueleza uchunguzi wa namna nyingine, wanaojifunza wanafunzi wakubwa wa mawasiliano katika vyuo vikuu: ule unaotafuta maana ya maneno ya watu.

Tutoe mfano wa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ilionekana kwanza Mangina, ikafika Beni na Butembo. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja kwa kila wanne alisema Ebola si kweli. Hesabu hiyo ni ya maana. Lakini aliyeisoma peke yake aliweza kusema: «Ni ujinga», naye angekosa.

Waliosikiliza kwa uvumilivu walipata mengine. Watu wa Beni walikuwa wakizika waliouawa tangu 2014. Sasa waliona magari na pesa nyingi vinakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Tarehe 26 Desemba 2018 wakaambiwa kwamba uchaguzi wao umeahirishwa kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Je, wangeaminije? Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno ya watu jinsi yalivyosemwa. Wengine waliogopa mifuko ya kuzikia, wakidhani ndani hamna maiti, au viungo vimeibwa. Basi ikaletwa mifuko yenye kuonyesha mwili, jamaa wakamwona mtu wao.

Sasa tuangalie namna ya kufanya.

Kwanza, swali. Tukimwuliza mama wa Bungulu: «Mama, unaamini Ebola?», atatazama kwanza nani anayeuliza. Kwa padri atajibu ndiyo kwa heshima. Kwa mtu wa Leta, kwa woga. Afadhali tuseme: «Mama, utuelezee siku ile mulipopata msiba, tangu asubuhi.» Halafu tunyamaze.

Pili, kuandika. Tuandike maneno yake mwenyewe, kwa Kinande kama amesema Kinande, kabla ya kuyatafsiri. Mawazo yetu yakae ukurasa mwingine.

Tatu, kupanga. Jioni tuweke pamoja maneno yanayofanana, kila fungu tulipe jina. Neno lisiloingia katika fungu lolote tusilitupe. Mara nyingi ndilo linalotufundisha. Watu wapya wasipoleta tena jambo jipya, tunaweza kusimama.

Nne, kulinda. Tuombe ruhusa, tufiche majina. Pale penye vita, neno lililotoka nje linaweza kumwua mtu. Na yaliyosikiwa katika kitubio hayaingii kamwe katika kaye.

Mtu atauliza: «Je, watu ishirini wanaweza kusema kwa ajili ya mji mzima?» Hapana. Hawatuambii ni wangapi wanaofikiri hivi. Kwa hiyo kuhesabu kunahitajiwa bado. Wanatuambia jinsi wanavyofikiri, na kwa nini. Njia hizi mbili zinasaidiana.

Neno la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Padri na katekista wanajulikana na wote; kujulikana kunafungua mlango, lakini kunafunga vinywa vingine. Basi kabla ya kutoka, tuandike tunayoyafikiri. Tukirudi, tuyasome tena. Kama hakuna hata wazo moja lililobadilika, turudi kwa yule mama, tumsikilize vizuri zaidi.