Moyo wa mtoto huumbwa kabla mama hajafika kliniki

MWANAMKE ambaye hedhi yake imechelewa kwa siku saba au nane huenda bado anajiuliza kama ameshika mimba au ni uchovu tu wa kazi. Wakati uo huo, ndani ya tumbo lake, moyo wa mtoto huwa unakaribia kupiga pigo la kwanza. Mtoto mwenyewe hajafikia urefu wa nusu sentimita. Hana mikono wala miguu. Hata hivyo, moyo wake umekwisha kuanza kazi ambayo hautaiacha hadi siku ya kufa.

Zinapotimia wiki nane tangu mimba kutungwa, moyo huo huwa na vyumba vyake vinne, kuta zake na vilango vyake. Kinachobaki ni kukua tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2016, linapendekeza mama mja mzito aende kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Kliniki huhesabu wiki hizo kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki mbili hivi kabla ya mimba kutungwa. Kwa hivyo, mama anayefika katika wiki ya 11 au 12, ingawa ametii ushauri, humkuta muuguzi akiwa amebeba mtoto ambaye moyo wake umeshaumbwa.

Hii ndiyo sababu somo la jinsi moyo unavyoumbwa halipaswi kuachiwa madaktari wa moyo peke yao. Wauguzi, maafisa wa kliniki, walimu wa sayansi na hata vijana wanaopanga kufunga ndoa wanalihitaji. Siku hizi somo kama hilo linaweza kuandaliwa kwenye intaneti na kusomwa kwa simu. Lakini ni lazima liandaliwe vyema, kwa kuwa ni miongoni mwa masomo yanayowatatiza sana wanafunzi wa udaktari.

Kutoka nta hadi kompyuta

Ugumu wa kwanza ni udogo wa kiungo chenyewe. Kiinitete cha wiki nne ni kidogo kuliko punje ya mchele, na moyo ulio ndani yake ni mdogo zaidi. Ugumu wa pili ni kwamba moyo hautulii. Leo ni bomba lililonyooka, wiki ijayo limejikunja, na wiki inayofuata limegawanyika. Picha ya kitabu huonyesha upande mmoja tu, tena kwa siku moja tu.

Wataalamu walianza zamani kutafuta njia ya kushinda matatizo haya. Mnamo 1883, Mjerumani Gustav Born alieleza mbinu ya kukikata kiinitete vipande vyembamba sana, kuchora kila kipande kwa ukubwa zaidi juu ya bamba la nta, kisha kuyapanga mabamba hayo moja juu ya jingine. Matokeo yake yalikuwa sanamu ambayo mwanafunzi angeweza kuizunguka na kuitazama kutoka kila upande. Katika mji wa Freiburg, familia ya Ziegler ilitengeneza sanamu za nta za aina hiyo na kuziuzia vyuo.

Huko Baltimore, Marekani, Franklin Mall alianzisha mnamo 1914 idara ya taasisi ya Carnegie iliyokusanya viinitete vya binadamu, vingi vikiwa vimetokana na mimba zilizoharibika au upasuaji. Vipande vilivyokatwa wakati huo vingali vinatumika. Mnamo 2016, Bernadette de Bakker na wenzake wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Science mkusanyiko wa vielelezo vya kompyuta vilivyotokana na vipande karibu 15,000 vya hazina hiyo. Kila kiinitete kimewekewa alama za viungo na sehemu zinazofikia 150, na mtazamaji anaweza kukigeuza apendavyo kwenye skrini.

Kwa hivyo, mwalimu wa leo hana haja ya kuchonga nta. Kazi yake ni kuchagua mambo machache ambayo mwanafunzi ni lazima ayaone, na kuyapanga kwa utaratibu unaofaa. Hebu tuyaangalie.

Saa kwanza

Somo zuri huanza kwa kalenda. Juu ya kila picha pawepo hesabu mbili: siku tangu mimba itungwe, na wiki kama zinavyohesabiwa kliniki. Pasipo hivyo, mwanafunzi atasoma "wiki ya nne" kitabuni na kudhani ni wiki ya nne iliyoandikwa kwenye kadi ya mama. Tofauti hiyo ya wiki mbili ni kubwa mno, kwa kuwa katika wiki mbili moyo hutoka kuwa chembechembe zilizotawanyika na kuwa bomba linalopiga.

Bomba na mkunjo

Karibu siku ya 18 au 19, chembechembe za moyo hujipanga kwa umbo la kiatu cha farasi upande wa kichwa wa kiinitete. Kutokana nazo hutokea mabomba mawili, ambayo huungana na kuwa moja karibu siku ya 21 au 22. Bomba hilo huanza kupiga mara moja.

Damu huingilia upande wa mkiani na kutokea upande wa kichwani. Ajabu ni kwamba sehemu zitakazokuwa vyumba vya juu vya moyo huwa chini wakati huo. Huwezaje kufika juu?

Jibu ni mkunjo. Bomba hurefuka upesi kuliko nafasi iliyopo, kwa hivyo hulazimika kujikunja, na kwa kawaida hujikunja kuelekea kulia. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ukishike ncha zote mbili, kisha uzisogeze pamoja. Mpira utajipinda katikati na kutokeza upande mmoja. Katika moyo, mkunjo huo hupandisha vyumba vya juu nyuma na juu ya vyumba vya chini. Haya hukamilika karibu siku ya 28.

Hapa ndipo intaneti inapokishinda kitabu. Mwanafunzi akiweza kulisukuma bomba hilo mbele na nyuma kwa kidole, siku baada ya siku, ataelewa katika dakika tano kile ambacho angekikariri usiku kucha.

Viambaza na vilango

Kuanzia wiki ya tano, moyo huanza kujigawa. Katikati yake huota vinundu viwili vinavyokutana na kutenga njia ya kulia na ya kushoto. Kiambaza kingine huteremka kati ya vyumba vya juu, na kingine hupanda kati ya vyumba vya chini. Kufikia mwisho wa wiki ya saba, kiambaza cha chini kwa kawaida huwa kimeziba.

Kisipoziba, mtoto huzaliwa na tundu kati ya vyumba vya chini. Hili ni miongoni mwa matatizo ya moyo yanayopatikana kwa wingi zaidi kwa watoto wachanga. Tundu dogo linaweza kujiziba lenyewe baada ya mtoto kuzaliwa. Tundu kubwa hupeleka damu nyingi mno mapafuni, na mtoto huhema mbio na kutoka jasho anaponyonya.

Bomba la kutokea nalo ni lazima ligawanywe pande mbili: mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini na mshipa wa kuipeleka mapafuni. Kiambaza chake hakishuki wima bali huzunguka kama kamba inayosokotwa. Ndiyo maana mishipa hiyo miwili hupishana kifuani mwa kila mtu. Kiambaza kikikosa kuzunguka, mishipa hubadilishana mahali. Damu iliyotoka mapafuni hurudi mapafuni, na damu iliyotoka mwilini hurudi mwilini bila kupata oksijeni. Mtoto kama huyo huhitaji matibabu ya haraka katika siku zake za kwanza.

Kiambaza kikizunguka lakini kikasogea mbele kupita kiasi, njia ya kwenda mapafuni hubanwa na tundu hubaki chini yake. Watoto wa aina hii ndio waliokuwa wakiitwa "watoto wa bluu". Mnamo Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, daktari Alfred Blalock alifanya upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia. Wazo lilitoka kwa daktari Helen Taussig, na mbinu ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa na Vivien Thomas, fundi wa maabara mwenye asili ya Kiafrika ambaye hakuwa na shahada ya udaktari.

Kwa sababu hii, kila hatua ya somo inafaa kufuatwa na swali moja: hatua hii ikikosea, mtoto atakuwaje? Mwanafunzi anayejibu swali hilo hahitaji kukariri orodha ya magonjwa.

Milango miwili ya dharura

Mtoto aliye tumboni hapumui. Oksijeni yake hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kwa hivyo, moyo wake huacha njia mbili za mkato zinazopita kando ya mapafu: tundu kati ya vyumba vya juu, na mshipa mfupi unaounganisha mishipa mikuu miwili. Mtoto anapozaliwa na kulia, mapafu hujaa hewa. Mshipa huo mfupi kwa kawaida hujifunga katika siku chache, na tundu hufunikwa. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hivi, tundu hilo halijifungi kabisa hata ukubwani, na wengi wao hawasumbuliwi nalo maishani.

Yanayoweza kuzuiwa

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huwa na kasoro ya moyo. Katika visa vingi hakuna chanzo kinachoweza kutajwa. Hata hivyo, baadhi ya hatari zinajulikana, na zote hufanya kazi katika wiki hizo nane.

Mojawapo ni ugonjwa wa rubela. Mnamo 1941, daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alitambua kuwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama waliougua rubela mwanzoni mwa uja uzito. Wengi wa watoto hao walikuwa pia na kasoro za moyo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mnamo 2016, kwa kampeni iliyowalenga watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Wanawake waliokuwa wamepita umri huo hawakufikiwa na kampeni hiyo. Anayepanga kuzaa anaweza kumwuliza daktari kuhusu chanjo hiyo, lakini haipewi mja mzito, na baada ya kuchanjwa mwanamke hushauriwa kungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Hatari nyingine ni ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa. Mwanamke mwenye kisukari anafaa kuteremsha sukari yake kabla ya kushika mimba, wala si baada ya kupimwa na kuambiwa ni mja mzito. Hali kadhalika pombe, dawa za chunusi zenye isotretinoini, na baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti. Mgonjwa wa kifafa asiache dawa kwa hiari yake. Amwone daktari mapema ili abadilishiwe ikibidi.

Ni katika wiki hizo hizo ambapo uti wa mgongo wa mtoto hufungika, karibu siku ya 28. Ndiyo maana wanawake hushauriwa kumeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Tangu 2012, sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda vya unga wa mahindi na ngano kuutia virutubishi, ikiwemo asidi hiyo. Anayesaga mahindi yake kwenye kinu cha mtaani asitarajie kuipata humo.

Mama asilaumiwe

Kwa miaka mingi, wakazi wa Nairobi walivaa fulana na kushiriki mbio za Mater Heart Run ili kuchangia watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo. Ukarimu huo ni wa kusifiwa. Lakini katika nyumba nyingi, mtoto anapogunduliwa ana tundu moyoni, mama bado huulizwa alikula nini, alimkosea nani, au kwao kuna laana gani. Ndoa nyingine huvunjika kwa maswali hayo. Ukweli ni kwamba kiambaza cha upana wa milimita chache hakikuziba katika wiki ambayo huenda mama hakujua hata kama ana mimba.

Iwapo mtoto mchanga anahema mbio, anatoka jasho akinyonya, haongezeki uzito, au ulimi na ufizi wake una rangi ya bluu, apelekwe hospitalini bila kukawia. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi hiyo huonekana vizuri zaidi ndani ya mdomo kuliko usoni.

Na kwa wanaopanga kuzaa, ziara ya kwanza ya kliniki ifanywe mapema, wakati mimba bado ni mpango. Ukifika ukiwa tayari mja mzito, muuguzi atakupima damu, uzito na shinikizo. Kwa moyo wa mtoto, kazi kubwa itakuwa imeshafanyika.