Kamera Isiyokuwepo

Wajukuu zangu, leo nawasimulia habari za kamera ambayo haikuwepo. Filamu ya katuni ya The Lion King ilitoka mwaka 1994, na sehemu yake kubwa ilichorwa kwa mkono. Hakuna mpiga picha aliyejibanza mbugani akimngoja Simba, yule mwanasimba wa filamu hiyo, apite. Hata hivyo, kila tukio lilipopangwa, ilibidi wachoraji wajiulize: kamera ingekuwepo, ingesimama wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua moyo wa mtazamaji utaelemea kwa nani.

Tazameni mwanzo wake. Jua limechomoza na wanyama wanatoka kila upande. Mara tunawaona sisimizi wakipita juu ya tawi, wamebeba vipande vya majani. Wako karibu mno, na nyuma yao hakuna kinachoonekana vizuri. Kisha mambo yanageuka: sisimizi wanafifia, na kule nyuma pundamilia wanajitokeza wakikimbia. Lenzi ya kweli hufanya hivyo ikihamisha shabaha yake kutoka karibu kwenda mbali. Mchoro hauna lenzi, kwa hiyo ukungu ule uliwekwa kwa makusudi. Ulitusimulia, bila hata neno moja, kwamba katika nchi ile mdudu na pundamilia wanaishi pamoja. Mufasa, baba yake Simba, atakuja kumfundisha mwanawe jambo hilo kwa maneno, lakini sisi tutakuwa tumeshaliona.

Sasa twendeni korongoni. Simba yuko peke yake, anajizoeza kunguruma. Kamera haituonyeshi hatari mara moja. Inashuka chini hadi kwenye vijiwe vinavyorukaruka karibu na miguu yake. Kuna kitu kinakuja, na hatujui ni nini. Hofu huanza hivyo, kwa jambo dogo lisiloeleweka. Ndipo tunapewa picha ya mbali: nyumbu wanamiminika kutoka ukingoni kama mafuriko. Halafu kamera inamkimbilia Simba usoni, macho yamemtoka. Picha ya karibu ikatuonyesha dalili, ya mbali ikatuonyesha ukubwa wa balaa, na ile ya uso ikatuingiza ndani ya moyo wa mtoto. Zibadilisheni mpangilio, na hofu ile itapungua.

Nyumbu wale walikuwa wengi mno kuchorwa mmoja mmoja. Ikatengenezwa programu ya kompyuta iliyowawezesha kukimbia kwa mamia bila kugongana. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 2, kwa tukio la dakika 2 na nusu tu! Vumbi linapotulia, baba yake amekufa. Simba anaita msaada na hakuna anayeitika. Anaonekana mdogo sana, na korongo limemzunguka pande zote. Upweke wake tunauona katika ile nafasi tupu.

Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2019, mwongozaji Jon Favreau na wenzake walivaa miwani ya kompyuta iliyowaingiza katika mbuga ya kubuni. Humo ndani walitembea wakitafuta mahali pa kuweka kamera. Vifaa vilikuwa vipya, lakini swali lilikuwa lile lile.

Nanyi linawahusu. Ukimpiga mtu picha kutoka chini, anaonekana mwenye nguvu. Ukimpiga kutoka juu, anaonekana mnyonge. Kwa hiyo, anayeshika kamera ameshika pia heshima ya mtu, na inampasa kuitunza.

Basi azimeni simu ya mzazi, mchague kisa kidogo: ndugu yenu amepoteza kiatu, anakitafuta, anakipata. Kisimulieni kwa picha tatu, pasipo maneno. Kisha mwonyesheni mtu asiyekijua kisa hicho. Akikielewa, mmekuwa wasimulizi. Asipoelewa, msimlaumu, badilisheni mahali pa kusimama, mpige tena.