Tezi Inayomfanya Kamba Kuwa Dume

Mwaka 1954, mwanabiolojia Mfaransa Hélène Charniaux-Cotton alieleza tezi ndogo aliyoigundua kando ya mrija wa mbegu za kiume wa Orchestia gammarella, kijidudu cha ufukweni cha jamii ya kaa na kamba. Alipoipandikiza tezi hiyo kwa jike, jike aligeuka dume, na ovari zake zikaanza kutengeneza mbegu za kiume.

Kwa binadamu, kromosomu ya baba ndiyo huamua jinsia ya mtoto. Kwa kamba mkubwa wa maji baridi wa Asia, Macrobrachium rosenbergii, mwamuzi ni mama: yeye ana ZW, dume ana ZZ. Lakini kromosomu hutoa amri tu. Mtekelezaji ni ile tezi, kwa homoni yake inayofanana na insulini.

Mwaka 2012, kundi la Amir Sagi wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, lilieleza jinsi lilivyoinyamazisha jeni ya homoni hiyo kwa kuwadunga kamba wachanga molekuli za RNA. Madume wakakua wakawa majike kamili, wakataga mayai. Kromosomu zao zilibaki ZZ, hivyo walipopandwa na madume wa kawaida, watoto wote walizaliwa madume. Kwa mfugaji hiyo ni faida kubwa, maana dume hukua zaidi kuliko jike. Tena jeni zenyewe hazikuguswa, na RNA ile huyeyuka mwilini.

Kinachonishangaza zaidi ni kamba wenye WW, wanaoweza kuzaliwa jike wa kawaida akipandwa na jike mwenzake aliyegeuzwa dume. Wanaishi vizuri na wanazaa, ingawa hawana Z hata moja. Maana yake ni kwamba Z haina kitu ambacho uhai hauwezi kukikosa, na kwamba uwezo wa kuwa baba au mama umo ndani ya kila kamba.

Elimu hii inagusa hata afya. Nchini Senegal, bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986, liliwazuia kamba wa kienyeji kushuka kuzaliana kwenye maji ya chumvichumvi. Konokono wanaoeneza kichocho wakakosa adui, ugonjwa ukashamiri. Utafiti wa mwaka 2015 katika kijiji cha Lampsar ulionyesha kuwa kamba wakirudishwa mtoni, maambukizi hupungua. Mahali ambako kamba wa kienyeji hawapatikani, imependekezwa watumike wale wa Asia, madume watupu: watakula konokono, lakini hawataweza kuzaana na kuvamia mto.