Shule ya kanisa ni ya nani?

Kila mwanzo wa mwaka wa shule, wazazi wa hapa Kisangani hutusimamisha mlangoni baada ya ibada na swali lile lile: "Pasta, shule yenu ni ya kanisa ao ni ya serikali?" Mzazi amemleta kijana wake kwetu Waanglikana, ao kwa ndugu zetu wengine Waprotestanti, kwa sababu anataka alelewe katika kumcha Mungu. Kisha anasikia kwamba mwalimu anangoja mshahara kutoka Kinshasa. Tunamjibu kwamba ni ya wote wawili, na hapo ndipo anapotuangalia kama watu wanaokwepa swali.

Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa. Mzigo ulikuwa mzito kuliko ilivyodhani, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na makanisa. Tangu hapo serikali inapanga programu ya masomo, inasimamia mitihani na kulipa walimu. Kanisa linaendesha shule siku kwa siku na kulinda roho yake. Tusidhani ni ajabu ya Congo tu. Hata Uingereza, kulikoanzia Kanisa letu la Anglikana, sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliacha shule nyingi na jina la kanisa, huku fedha nyingi zikitoka serikalini.

Basi "roho" hiyo ni nini? Wengi hufikiri ni sala ya asubuhi na shati jeupe. Sisi tunaona ni pia yale ambayo shule inaamua kuyaacha nje ya mlango.

Watu wa mto wanajua Yakusu, kituo cha Wabaptisti wa Uingereza, si mbali na mji wetu. John Carrington, mmisionari aliyefika Congo mwaka 1938, alijifunza huko ngoma ya Walokele, ile inayosema. Lugha yao ina sauti ya juu na sauti ya chini, na ngoma inafuata sauti hizo. Lakini neno la mwezi, neno la kuku na jina la samaki fulani yana sauti sawa. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja, anasema msemo mrefu mpaka asikike vizuri. Mwaka 1949 Carrington alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Naye aliona kwamba vijana waliosoma katika shule za misioni hawakujua tena kupiga, wengine hata majina yao ya ngoma hawakuyajua. Alipokuwa Yalemba aliingiza ngoma katika masomo ya shule, lakini vijana hawakuitaka. Hakuna aliyewakataza kwa maneno. Walikuwa wamekwisha kuelewa wenyewe ni kitu gani kinahesabiwa shuleni na kitu gani hakihesabiwi.

Vijana wetu nao wanaelewa hivyo hivyo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na za mkataba zimo. Sekondari bado mzazi analipa. Tuliwahi kuhubiri asubuhi juu ya mwana mpotevu mbele ya wavulana wa sekondari, na saa nne ya siku ile ile wale wenye deni wakafukuzwa darasani. Waliotoka walikuwa wamesikia mahubiri yetu kama wengine. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu jepesi, kwa sababu mwalimu naye ana watoto nyumbani.

Tulichoanza ni kidogo: hesabu ya malipo inasomwa mbele ya komiti ya wazazi, na deni linazungumzwa na mzazi, si na mtoto. Wazazi wengine hawapendi, wanasema tunalegeza.

Mmoja wa waliofukuzwa alikaa nyumbani siku nane. Wenzake wa darasa la tano walibeba mizigo bandarini Jumamosi mbili, wakaleta pesa. Prefe aliandika risiti kwa jina la yule kijana, akatuomba tusilitangaze jambo hilo kanisani ili asipate haya.