Je, Wajua? Kemia ya Sekondari, Kutoka Maabara Hadi Jikoni

Wanafunzi wengi hufika kidato cha nne wamekariri kemia bila kuishika mkononi. Soma haya, uone utamu wa somo lenyewe.

• Je, wajua kwamba jedwali la elementi lilitokana na kazi ya ualimu? Dmitri Mendeleev wa St. Petersburg, Urusi, alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha kiada, akatafuta namna ya kuzipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo. Jedwali lake lilitoka mwaka 1869.

• Je, wajua kwamba Mendeleev aliacha nafasi wazi katika jedwali kwa makusudi? Mwaka 1871 alitabiri kuwa chini ya silikoni ingepatikana elementi yenye uzani wa atomu wa karibu 72. Jemaniamu iligunduliwa Ujerumani mwaka 1886, na uzani wake ni 72.6. Jedwali si orodha ya kukariri. Ukizielewa safu zake, unaweza kukisia tabia za elementi ambayo hujawahi kuiona.

• Je, wajua kwamba viwanda vya rangi za kemikali vilianza na ugunduzi wa kijana wa miaka 18? William Perkin, mwanafunzi wa London, alikuwa likizoni mwaka 1856, akijaribu nyumbani kwao kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Lakini mabaki meusi ya jaribio lake, alipoyayeyusha kwa alkoholi, yalitoa rangi ya zambarau iliyoshika kwenye kitambaa na haikutoka.

• Je, wajua kwamba Michael Faraday, aliyegundua benzini mwaka 1825, hakusomea kemia chuoni? Akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alisoma kitabu cha Jane Marcet kilichoeleza kemia kwa mazungumzo ya mwalimu na wasichana wawili wanaouliza maswali bila kuchoka.

• Je, wajua kwamba moli moja ya maji ni mililita 18 tu, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa? Humo mna molekuli 6.022 × 10²³. Mpe mwanafunzi kijiko hicho kwanza, fomula ifuate.

• Je, wajua kwamba magadi yanayoivisha maharage upesi ni kemikali ya maabara? Yale ya Ziwa Magadi, Kenya, na Ziwa Natron, Tanzania, yana kabonati na bikabonati za sodiamu. Yakiyeyuka huyafanya maji kuwa ya kibesi, na besi huharakisha kuvunjika kwa pektini inayozishikilia seli za maharage.

• Je, wajua kwa nini asidi hutiwa kwenye maji, wala si maji kwenye asidi? Asidi ya salfuriki kali ikikutana na maji hutoa joto jingi. Maji machache yaliyotiwa juu yake huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Kanuni hii ifundishwe pamoja na sababu yake, kwani sababu ndiyo hukumbukwa hatarini.

• Je, wajua kwamba mada ya uunguaji usiokamilika inaweza kuokoa familia? Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeielewa hatalala na jiko la mkaa chumbani.

• Je, wajua kwamba tangu mwaka 1990 ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na kemia kwa Kiingereza. Akielezwa kwanza kwa lugha anayoifikiria, hata majibu yake ya mtihani yatakuwa yake mwenyewe.

• Je, wajua kwamba sharubati ya choya ni kiashiria? Ndimu huifanya iwe nyekundu zaidi, magadi huigeuza kijani. Shule isiyo na litimasi haina sababu ya kuahirisha somo la asidi na besi. Mwalimu, ingia darasani na vitu hivyo vitatu. Kabla hujaandika chochote ubaoni, waache wanafunzi wakisie rangi, wachanganye wenyewe, kisha wakuulize kwa nini.