Mgeni Mwenye Taa

Mvua zikisha kunyesha na majani yakashika unyevu, si ajabu jioni moja mtoto wako akaingia nyumbani amefumba kiganja na kusema, "Baba, nimeokota nyota!" Akifumbua utaona mdudu mdogo wa rangi nyeusi au kahawia, asiye na mbawa, mwenye nuru ya kijani mkiani. Usimwambie amtupe, wala usimtishe kwa habari za uchawi. Mtoto amekuletea mgeni. Kazi yako ni kumfundisha kumpokea vema, na kumwacha aende zake kwa wakati ufaao.

Mjue kwanza

Huyo ni mtoto wa kimulimuli, yaani buu. Sote twamjua kimulimuli arukaye usiku, lakini kabla ya kupata mbawa huishi chini kwa miezi mingi. Mtazame kwa taa. Mwili wake ni bapa, umegawanyika vipande vipande kama vigae vya paa. Kichwa ni kidogo, naye hukivuta ndani mfano wa kobe. Hesabu miguu: ni sita tu, yote karibu na kichwa. Jongoo na tandu wana miguu mingi tangu mbele hata nyuma. Tena tandu huuma, asiguswe.

Nuru yake haiunguzi. Ndani ya mwili mna vitu ambavyo vikichanganyika na hewa hutoa mwanga karibu bila joto lo lote. Kwa mwanga huo buu huwaonya adui zake ya kuwa yeye ni mchungu, hafai kuliwa. Kwa hiyo asikaribie kinywa cha mtoto mchanga, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni.

Nyumba yake

Tafuta chupa ya mdomo mpana. Tia udongo wa shambani kimo cha vidole vitatu, na juu yake majani yaliyoanza kuoza. Nyunyiza maji kidogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, apate hewa. Chupa ikae kivulini, mbali na moshi wa jikoni. Ukitaka kupiga dawa ya mbu nyumbani, mtoe nje kwanza, maana dawa hiyo itamwua naye pia.

Chakula chake

Ukimpa majani atakufa njaa, kwa kuwa yeye ni mla nyama. Chakula chake ni konokono na koa. Mfaransa mmoja, Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa mwaka 1823 na kufa mwaka 1915, aliwachungulia kwa saburi jamaa za mdudu huyu katika nchi yake. Aliona jinsi wanavyomwuma konokono pole pole na kumtia sumu ya kumlegeza. Kisha nyama hulainika kama mchuzi, nao huinywa.

Basi, mpe konokono mdogo mmoja kila baada ya siku tatu. Mabaki yaondoe, yasije yakaoza. Konokono aokotwe bustanini kwa kijiti au jani, mahali pasiponyunyiziwa dawa. Usimtume mtoto kuokota konokono wa bwawani au mtoni, maana maji hayo yaweza kuwa na kichocho.

Siku ya kuagana

Mweke juma moja, si zaidi. Akikataa kula siku nne, mrudishe upesi. Huenda akawa yu karibu kugeuka, au akawa si buu bali jike aliyekwisha kukomaa, kwani kwa aina nyingine jike hapati mbawa maisha yake yote.

Na mtoto akikuletea kimulimuli mwenye mbawa, afunguliwe usiku ule ule. Hao wakubwa hawaishi muda mrefu, na wengi huona majuma machache tu. Katika siku hizo chache, nuru ndiyo njia ya dume na jike kutambuana gizani. Mtoto akijaza kumi chupani kwa mchezo, amezuia ndoa kumi. Mayai hayatagwi, na masika ijayo kandokando ya nyumba yenu patakuwa giza. Mweleze hivyo, naye ataelewa vizuri kuliko kwa fimbo.

Nawe mkulima, fikiri. Konokono anayekula mchicha na kabichi zako ndiye chakula cha buu huyu. Ukichoma majani yote na kumwaga dawa kila mahali, unamwua mlinzi asiyekudai mshahara. Mwachie ukingo wa shamba wenye majani na unyevu. Tena taa kali ya nje isiwake usiku kucha bila sababu, maana mwanga wake huwafanya vimulimuli wasionane.

Usiku wa mwisho, baada ya sala ya jioni, nendeni nyumba nzima pale pale mtoto alipomwokota, si mahali pengine. Zimeni taa mkononi. Mtoto mwenyewe afungue kitambaa, alaze chupa majanini, na mngoje kimya mpaka mgeni atoke na kuingia nyasini.