Njia ya Watumwa: Tuwasimulieje Watoto Wetu?

Ukijaliwa kufika Tabora pamoja na wanao, bila shaka utawapeleka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, wakaione nyumba ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Mtoto akikuuliza Mzungu huyo alikuwa nani, jibu ni jepesi. Lakini akikuuliza, "Baba, na wale waliofungwa minyororo waliitwa nani?" utamjibu nini?

Swali hilo ni zito. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Waliokokotwa kutoka bara hadi Bagamoyo hawakuachiwa kalamu, na wengi wao hata majina yao hayajulikani.

Wala habari yenyewe si nyepesi. Si kila aliyepita njia ile alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, waliochukua mizigo ya kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa ujira. Mtumwa na mpagazi walikanyaga vumbi moja, na leo wajukuu wao, pamoja na wajukuu wa wafanyabiashara, ni majirani. Ndiyo maana wazee wengi huona si adabu kuulizana asili.

Wenzetu wa Ulaya nao wana mzigo kama huu. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa na utawala wa Hitler. Kambi ya Auschwitz ilifanywa makumbusho mwaka 1947, na wengi walionusurika waliandika waliyoyaona. Hata hivyo vijana wanaozuru huko hujiuliza: je, mjukuu aweza kuonja uchungu wa babu? Sisi ushahidi wetu ni haba zaidi, kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu zaidi.

Basi usimvike mwanao mnyororo shingoni ili apigwe picha. Mnyororo unaovuliwa baada ya dakika moja haufundishi utumwa. Humfanya mtoto adhani ameujua. Afadhali mwende Kwihara kwa miguu, jua likiwaka, kisha mwambie: "Wewe jioni utarudi kwa mama yako. Wao hawakurudi." Hapo atakuwa ameelewa jambo moja la kweli.

Tena tuchunge ndimi zetu nyumbani. Twasema "mwacha asili ni mtumwa", na neno "mtumwa" twalitumia kama tusi. Lakini mtumwa hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya mahali inapokusudia kupendekeza kuwa urithi wa dunia. Hilo ni jema. Lakini kazi ya kuwarudishia heshima waliopita humo yaanzia mezani petu, mtoto atakapotuuliza tena majina yao, nasi tukakiri kwamba yalipotezwa na watu, hayakupotea yenyewe.